Minyoo wa Tangi la Tajiri

Ukame wa 1984 ndio ulionipeleka baharini. Baba alibakiwa na ngamia wachache na mbuzi wa kuhesabika, na mimi nilikuwa nimetoka sekondari Garissa na cheti kisichofungua mlango wowote. Msaada pekee niliokuwa nao kwake ulikuwa kupunguza sahani moja nyumbani. Nikapanda basi la kupitia Hola na Garsen, nikalala Malindi, kesho yake nikawa Mombasa kwa binamu yangu aliyekuwa mlinzi wa ghala. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi kwenye kampuni iliyokuwa ikisafirisha samaki wa mapambo ng'ambo. Aliponieleza nilicheka. Kwetu sisi wafugaji samaki alikuwa chakula cha watu wa mtoni, na kijana wa Kisomali aliyemla hakwenda kutangaza. Sasa niambiwe kuna Mjerumani anayelipa pesa kwa samaki ambaye hata haliwi?

Kazi yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Wazamiaji walileta samaki kutoka Shimoni hadi Kikambala, wamewanasa mmoja mmoja kwa vyavu vidogo: vitatange, vikande, wale wa rangi ya chungwa wanaoishi ndani ya anemoni, na kamba wekundu wenye mstari mweupe mgongoni ambao kule mwambani husafisha midomo ya mikunga. Sisi wa nchi kavu tulifua vichujio, tukabadilisha maji, tukakatakata kamba wa kulishia. Siku ya ndege tulimfunga kila samaki kwenye mfuko wake wa plastiki, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, tukampanga kwenye boksi la povu jeupe. Kesho yake samaki huyo alikuwa Ulaya. Mimi Nairobi kwenyewe nilikuwa sijafika.

Tangi ninalotaka kulisimulia halikuwa la biashara. Lilikuwa ofisini mwa tajiri, la kioo kinene, na hakuna aliyeruhusiwa kuuza kitu kilichokuwa ndani yake. Tajiri alikuwa msomaji. Alikuwa akituhadithia habari za Lee Chin Eng, mtu wa Jakarta, aliyeandika mwaka 1961 kwamba ukiweka mawe ya baharini yenye uhai wake, na maji ya bahari, na bomba dogo la hewa, tangi litajisafisha lenyewe. Wajerumani wa Berlin nao miaka ya themanini wakaongeza taa kali na mtambo wa kutoa uchafu kwa povu. Watu wengi siku zile bado walikuwa wakifuga samaki wa chumvi kwenye matangi matupu yenye matumbawe yaliyokufa, yaliyosuguliwa kwa klorini mpaka yakawa meupe, na samaki wakifa kila mwezi. Tajiri alitaka mwamba mzima, unaopumua. Alikuwa na mawe aliyoyatoa baharini kabla ya 1986, mwaka ambao sehemu ya mwamba wa Nyali na Bamburi ilitangazwa hifadhi. Sikupata kumuuliza aliyatoa upande gani.

Jiwe la baharini halihami peke yake. Matundu yake yamejaa wageni ambao hukuwaalika, na kwa miezi ya mwanzo huwaoni, kwa sababu mchana wamelala. Wa kwanza kujitokeza walikuwa wazuri: minyoo waliojenga vijumba vya chokaa ndani ya tumbawe na kuchomoa vishada viwili vya manyoya, buluu au manjano, vinavyotoweka ghafla kivuli cha mkono kikipita. Tajiri aliwapenda hao, akiwaonyesha wageni wake. Kisha wakaja wengine waliotandaza mchangani nyuzi nyembamba nyeupe za kama tambi, mwili wenyewe umejificha chini ya jiwe. Mwenzangu mmoja, Mgiriama aliyenitangulia kazini, alidhani ni uzi wa nyavu, akauvuta. Uzi ukajivuta.

Halafu wakaja wenye nywele.

Walikuwa wekundu kama wa waridi hivi, wenye vipande vingi, na kila kipande kimeota kishada cha nywele nyeupe kila upande. Ukimgusa kwa mkono mtupu nywele zile hukatika na kubaki ndani ya ngozi, na mkono huwaka siku nzima. Dawa tuliyofundishwa ni kubandika selotepu juu ya ngozi na kuibandua polepole, mara mbili tatu, kisha kupaka siki. Husaidia, kwa sababu nywele zenyewe ni za chokaa. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliyekuwa akija kupima maji alituandikia jina lake la kitaalamu ukutani kwa chaki: Eurythoe complanata. Jina likakaa pale miaka, watu wakidhani ni la mteja.

Mwaka wa 1989 samaki wa tajiri wakaanza kupotea. Hawakufa, walipotea. Jioni unahesabu, asubuhi pana upungufu, na hakuna maiti wala mfupa. Kome wakubwa wawili aliowathamini sana wakapatikana wazi, nyama imeliwa, na ndani yao minyoo wenye nywele wamejaa. Tumbawe laini lililokuwa pembeni likawa na alama za kukatwa, safi kabisa.

Ushahidi ulikuwa mwingi kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kesi. Minyoo wamekutwa ndani ya maiti. Mwenzangu yule Mgiriama alichukua koleo na kisu, akawa kila jioni anawavuta na kuwakata vipande palepale ukingoni, vipande vingine vikirudi majini. Baada ya muda minyoo wakawa wengi kuliko mwanzo. Mwanafunzi alipokuja akacheka mpaka akakaa chini: mnyoo yule huzaana kwa kujikata. Kipande kinaota kichwa, kingine kinaota mkia. Tulikuwa tumemfanyia kazi yake.

Msimamizi wetu akasema basi iletwe shaba. Dawa ya shaba tulikuwa nayo dukani kwa ajili ya samaki wenye vipele vyeupe, na kila mtu aliyefanya kazi ile alijua inaua mnyoo. Inaua pia kamba, konokono, kaa, anemoni na tumbawe, na jiwe huinyonya na kuitoa polepole kwa muda mrefu, hata ukibadilisha maji yote. Tangi lililotiwa shaba ni la samaki tu tangu siku hiyo. Tajiri alikuwa safarini, chupa imeshawekwa juu ya meza.

Hapo ndipo ufugaji uliponisaidia. Nimekulia kwenye mbuzi, na minyoo ya mbuzi si migeni kwangu. Mtoto wa mfugaji anafundishwa kufunua kope ya chini ya mbuzi: ikiwa nyekundu, huyo mbuzi yu salama, ikiwa nyeupe, kuna mnyoo tumboni anayenyonya damu, na akivimba chini ya taya umeshachelewa. Lakini anafundishwa pia kwamba si kila mbuzi aliyekonda ana minyoo. Mwingine ana meno mabovu. Mwingine amelishwa kando ya mto, penye konokono, na tatizo lake liko kwenye ini. Na yule funza mnene ambaye ngamia humpiga chafya kutoka puani si mnyoo hata kidogo, ni mtoto wa nzi. Ukimpa kila mmoja dawa ileile utamaliza pesa na mbuzi watakufa vilevile. Nilimwomba msimamizi anipe muda niangalie usiku. Akaniambia, "Angalia, lakini samaki wakiisha utamwambia tajiri mwenyewe."

Wazamiaji walikuwa na mzee wa Kibajuni kutoka pande za Kiunga, ambaye kwao na kwetu hutenganishwa na msitu wa Boni tu. Alikuwa akiniita mwanangu na kunitania kwamba Wasomali wanaogopa maji kwa sababu ngamia hajui kuogelea. Nilipomweleza habari ya minyoo aliuliza swali moja ambalo sote tulikuwa hatujauliza: kome alikufa kwanza, au mnyoo alifika kwanza?

"Yule mwenye nywele," akasema, "ni mtu wa matanga. Anakuja kula. Haui."

Aliyekata tumbawe, kwa maneno ya mzee, alikuwa na meno. Yeye alimjua kwa sababu wavuvi wanaochimba minyoo ya chambo wakati wa bamvua hujihadhari na wakubwa wa aina hiyo, wanaouma.

Nikafunika tochi kwa karatasi nyekundu ya kufungia zawadi, maana viumbe wengi wa usiku hawaujali sana mwanga mwekundu, nikakaa mbele ya kioo baada ya taa kuzimwa. Jambo la kwanza unalojifunza ni kwamba tangi la mchana na la usiku si moja. Minyoo wa nywele walitoka kila upande, wakatambaa kwenye mabaki ya chakula, wakala, wakarudi. Samaki aliyelala walimpita bila kumgusa. Nikaona mchana tunamwaga chakula mara mbili ya kinachohitajika, na idadi ya minyoo ilikuwa hesabu ya uvivu wetu: kila kilichozidi kilipata mlaji. Hakuna aliyekuwa akisafisha lile tangi vizuri kuliko wao.

Sikumwona mwizi usiku wa kwanza, wala wa pili. Alipojitokeza, kilichotoka kwenye tundu la jiwe la katikati kilikuwa kichwa tu: vipapasio vitano, taya zimefunuliwa kama mtego, na mwili nyuma yake unang'aa rangi za upinde wa mvua nilipouelekezea tochi ya kawaida. Kufumba na kufumbua akarudi ndani. Mwanafunzi aliniambia baadaye kwamba ni wa jamii ya Eunice, na kwamba mkubwa wao, Eunice aphroditois, huweza kukaribia mita tatu. Nilidhani ananitisha mtu wa bara. Lakini mwaka 2009 nilisoma kwamba huko Newquay, Uingereza, wafanyakazi wa jumba la samaki walibomoa mwamba wao wa maonyesho baada ya samaki kupotea na matumbawe kukatwa, wakamkuta mnyoo wa zaidi ya mita moja, na wao nao wakawa hawana habari naye miaka yote. Nilisoma habari ile nikiwa Garissa, nikafurahi kuliko inavyostahili.

Kumtoa ndiko kulikochukua akili. Ukimvuta anakatika, na upande wenye kichwa ukibaki ndani utaota mkia mwingine. Tulilitoa jiwe zima, tukaliweka kwenye karai lenye maji ya bahari, kisha kwa sindano ya dawa ya mifugo, ambayo niliinunua Makupa, tukatia maji ya chumvi kali ndani ya tundu. Mnyoo asiyependa chumvi kali hutoka mwenyewe kutafuta pa kupumua. Maji matamu nayo hufanya kazi hiyo, na kwa wale bapa kama jani, wanaoingia ndani ya shaza na kome, ndiyo njia bora: jiwe la kome linachovywa dakika chache, jani linajikunja na kuanguka. Wa kwetu alitoka polepole sana. Mzee Mbajuni alikuwa amesimama na ndoo. Alipomaliza kutoka alikuwa mrefu kuliko mkono wangu kuanzia begani, na msimamizi akaichukua chupa ya shaba kutoka mezani akairudisha kabatini bila kusema neno.

Wenye nywele hatukuwaua tena. Tulipunguza chakula, nao wakapungua.

Mwaka huohuo wa 1989, mnamo Novemba, serikali ilitangaza kwamba kila Msomali wa Kenya aliyetimiza miaka kumi na minane aende kukaguliwa ijulikane kama ni Mkenya au ametoka ng'ambo ya mpaka. Kitambulisho changu nilichopewa Garissa hakikutosha. Nilipanga foleni na wenzangu wa Mombasa, wengine wamezaliwa Majengo na hawajui njia ya kwenda Garissa. Mbele ya meza nikaulizwa ukoo wangu, ukoo mdogo wake, jina la chifu, jina la babu wa babu. Mimi niliweza kuhesabu. Wengi wa mjini hawakuweza. Aliyefaulu alipewa kadi ya rangi ya waridi ya kutembea nayo. Tajiri aliniambia nisije kazini mpaka niipate, asiingie matatani, na sikumlaumu sana. Mzee Mbajuni ndiye aliyekuja kuniona nyumbani na samaki wa kukaanga, akaniambia kuwa usiku alikuwa akilipitia tangi badala yangu. Akaongeza kwamba mnyoo wa tajiri alipata wakili na mimi sikupata. Alisema hivyo tu, tukala.

Miaka ya tisini nilikuwa bado kule, nikipanda ngazi kidogo kidogo, mpaka mvua za El Niño. Mwishoni mwa 1997 nilikuja nyumbani kwa mazishi nikazuiliwa na maji: Tana ilivunja kingo, barabara zikakatika, na mifugo ikawa imesimama kwenye tope. Mbuzi na kondoo walianza kutupa mimba kwa makundi. Watu wakasema ni minyoo, kwa sababu mvua nyingi huleta minyoo, na kila aliyekuwa na shilingi alinunua dawa ya minyoo. Wengine wakasema kimeta. Kisha watu wenyewe wakaanza kuugua na kutoka damu. Majibu ya maabara yalipokuja, ya hapa Kenya na ya Afrika Kusini, yalisema ni homa ya Bonde la Ufa, virusi vinavyoenezwa na mbu, ugonjwa uliotambuliwa mara ya kwanza karibu na Naivasha mwaka 1931. Mbuzi waliokuwa wamenyweshwa dawa walikuwa wameshakufa. Mwaka uliofuata Saudi Arabia ikafunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika, na hilo liliwaumiza hata waliokuwa hawajapoteza mnyama.

Niliporudi Mombasa, bahari nayo ilikuwa imepata joto. Kati ya Machi na Mei 1998 matumbawe yalipauka mwambani, na sehemu nyingi za pwani ya Kenya zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yaliyo hai. Joto lilelile la Bahari ya Hindi lililotuletea gharika Garissa ndilo lililoyaua. Wazamiaji walirudi na nyuso za watu waliotoka msibani. Katika tangi la ofisini, ambalo lilitegemea maji ya ufukweni, matumbawe ya tajiri yalipauka kwa pamoja, na minyoo wenye nywele wakapata kazi nyingi. Tajiri alikuwa ameshazeeka. Hakuanza upya.

Mimi nilirudi Garissa, nikafungua duka dogo la dawa za mifugo karibu na soko. Mfugaji huniletea mnyoo kwenye chupa ya soda, ananiwekea juu ya kaunta, "Nipe dawa ya huyu." Namuuliza umemtoa wapi: tumboni, kwenye ini, puani, au majini unakonywesha? Mnyama alikuwa akila? Alikufa kabla hujamwona huyu, au baada? Wengine wananiona nachelewesha biashara. Kuna dakika namwambia mtu huyu wako ni ruba tu, mtoe kwa chumvi, rudi na pesa yako, na kijana wangu wa dukani ananikazia macho.

Mwaka jana mwana wa dada yangu aliye Minneapolis alinitumia picha kwa simu. Amenunua tangi la bahari, na mawe, na taa ya bei ambayo ningenunua nayo ng'ombe. Kwenye picha mnyoo mwekundu mwenye nywele nyeupe, amejikunja chini ya jiwe. "Abti," yaani mjomba, ameandika, "huyu nini, nimuue?" Nikamuuliza: nywele au taya? Anatoka saa ngapi? Samaki wangapi wamepotea? Unalisha mara ngapi kwa siku? Akajibu nywele, usiku, hakuna aliyepotea, mara tatu. Nikamwambia alishe mara moja na amwache.

Akasema yeye hana shida, lakini mkewe amesema huyo mdudu akibaki ndani, yeye anatoka. Basi nikamfundisha mtego wa Mombasa: kipande cha kamba mbichi ndani ya soksi ya nailoni, ukifunge, ukiweke chini jioni. Mnyoo akija kula, nywele zake zinanasa kwenye uzi, asubuhi unaitoa soksi na mnyoo wake, kwa koleo, si kwa mkono. Akauliza soksi za nailoni atazipata wapi usiku ule. Nikamwambia amuombe mkewe, na amuombe vizuri.